Mwisho wa Foleni: Historia ya Kumbi za Picha za Nakuru

Wazee wetu mlioketi mbele, akina mama, walimu, na nyinyi vijana mliojaza viti vya nyuma, hamjambo. Nawashukuru walioandaa kikao hiki kwa kunialika nizungumzie sinema za zamani za mji wetu. Nimekubali upesi, kwa sababu watu waliofanya kazi katika kumbi zile wamebaki wachache na kila mwaka tunamzika mwingine.

Mimi nilikuwa mtu wa chumba cha projekta. Nilianza kama kijana wa kubeba makopo ya filamu na kufagia, nikafundishwa kazi na mzee aliyenitangulia, nikawa opareta. Mtakachosikia leo ni historia iliyoonwa kutoka juu, nyuma ya vichwa vya watazamaji, kupitia kidirisha kidogo cha kioo.

Ukimuuliza mtu yeyote hapa Nakuru ni nini kilichoua sinema, atakujibu: video. Wengine wataongeza televisheni. Jibu hilo lina ukweli, lakini halitoshi. Video iliingia Nairobi pia, na bado Nairobi ilibaki na kumbi za picha. Kwa nini Odeon na Eros za hapa kwetu, na kumbi za miji mingine ya bara, zilishindwa kusimama? Mimi nasema sababu iko katika njia ambayo filamu ilipita mpaka kutufikia. Sinema ya mji mdogo ilikuwa mwisho wa foleni tangu siku ya kwanza, na aliye mwisho wa foleni ndiye wa kwanza kukosa.

Tuanze na reli, maana hapa kwetu karibu kila kitu kilianza na reli. Ndugu wawili Wafaransa, Auguste na Louis Lumière, walionyesha picha zao mbele ya watu waliolipa kiingilio mjini Paris tarehe 28 Desemba 1895. Mwaka uliofuata kazi ya kutandika reli ikaanza Mombasa. Reli ilifika Nairobi 1899, Nakuru 1900, na Desemba 1901 ikaligusa ziwa pale Port Florence, ambapo leo ni Kisumu. Kwa hiyo sinema na reli yetu ni watu wa rika moja. Filamu iliyoshuka melini Mombasa ilipanda gari moshi kuja bara, na stesheni zilipangwa vile vile foleni ilivyopangwa: Nairobi kwanza, sisi baadaye, Kisumu baada yetu.

Nairobi ilipata Theatre Royal yake mwaka 1912, jengo ambalo wengi wenu mlilijua baadaye kwa jina la Cameo. Mwaka huo huo serikali ya kikoloni ikatunga sheria ya kusimamia michezo ya kuigiza na maonyesho ya picha. Yaani kanuni ya kudhibiti picha ilikuwako hata kabla picha zenyewe hazijaenea. Nakuru wakati huo ulikuwa mji mdogo wa walowezi, umetangazwa mji 1904, na ukawa manispaa 1929. Walowezi walikuja kutoka Njoro, Molo na Subukia kuuza nafaka na kununua vifaa, na jioni walitaka mahali pa kukaa. Lakini waliothubutu kuweka fedha zao katika biashara ya picha nchini mwetu, kwa sehemu kubwa, walikuwa familia za Waasia. Hilo tulikumbuke kwa heshima. Wao ndio waliolisha kumbi hizi kwa filamu za Kihindi, hasa baada ya India kutoa filamu yake ya kwanza ya sauti mwaka 1931. Miaka mingi baadaye, nilipokuwa juu kule, Jumapili ilikuwa bado siku yao: akina mama wamevaa sari, watoto wamebeba njugu na sambusa, na nyimbo zinaimbwa ukumbini kabla hazijaimbwa kwenye pazia.

Wazee hapa wanakumbuka jambo jingine, na sitalipita. Wakati wa ukoloni wakaguzi wa filamu waliwagawa watazamaji kwa rangi. Filamu ingeweza kuruhusiwa kwa Mzungu na Mwasia, ikakatazwa kwa Mwafrika. Walihofia kwamba Mwafrika akimwona mzungu analewa, anaiba au anapigwa ngumi, heshima itavunjika. Na kulikuwa na hofu nyingine iliyojifanya elimu. Mwaka 1939 Uingereza iliunda Colonial Film Unit, kitengo cha kutengeneza picha za makoloni, na William Sellers aliyekiongoza alishikilia kwamba Mwafrika hawezi kufuata picha inayobadilika haraka. Kwa hiyo wakatengeneza picha za polepole, kitu kimoja kwa wakati, kuhusu kunawa mikono, kuua nzi na kuchimba matuta.

Mimi nilikaa juu ya watu hao hao wanaosemwa hawafuati. Viti vya mbele kabisa, vile vya bei ya chini, ambapo ulitazama huku umeinua shingo, walikaa watu wa Bondeni na Kivumbini, makuli wa stesheni, wafanyakazi wa mashambani waliokuja mjini Jumamosi. Wengi hawakujua Kiingereza. Na bado walijua adui ni nani kabla steringi mwenyewe hajajua. Kila onyesho palikuwa na kijana mmoja mle mbele aliyejipa kazi ya kuwaeleza wenzake kwa sauti: huyu anamdanganya, yule ni ndugu yake, ngoja uone, sasa atapigwa. Baada ya Bruce Lee kufariki mwaka 1973 picha zake zilizidi kujaza watu, na kijana wetu yule alikuwa akitangulia ngumi kwa nusu sekunde. Leo mkimsikiliza DJ Afro akisimulia picha kwa lugha ya mtaani mnadhani ni jambo jipya. Mizizi yake iko kwenye viti vile vya mbele.

Kabla sijafika chumbani kwangu, nitaje gari la sinema. Wengi mlioletwa na wazazi kutoka vijijini mliona picha kwa mara ya kwanza uwanjani, gari limeegeshwa, shuka jeupe limefungwa kwenye nguzo mbili, kipaza sauti kinatangaza tangu mchana. Ilikuwa bure, na katikati ya picha mliuziwa sabuni au dawa. Gari lile lilitufanyia kazi ya uenezi bila kujua: mtoto aliyeonja picha uwanjani alikuja mjini na shilingi yake kutafuta pazia kubwa.

Sasa twende juu. Chumba cha projekta kilikuwa chembamba na chenye joto, kuta nzito, na vidirisha vyenye vifuniko vya chuma vya kuanguka vyenyewe moto ukitokea. Filamu zilizotumika hadi mwanzoni mwa miaka ya 1950 zilitengenezwa kwa nitreti, kitu kinachoshika moto kwa kasi na ambacho kikishashika maji hayakizimi. Kumbi zilijengwa kwa hofu hiyo, na vifuniko vikabaki hata baada ya filamu isiyoshika moto kirahisi kuja.

Projekta zilikuwa mbili. Filamu ya milimita 35 hupita mbele ya taa picha 24 kila sekunde, na kwa mwendo huo futi 90 humalizika kwa dakika moja. Rili moja ya futi 2,000 inakwenda dakika ishirini na mbili hivi. Pigeni hesabu wenyewe: picha ya Kihindi ya saa tatu ni futi 16,200, karibu kilomita tano za filamu, rili tisa ndani ya makopo ya bati yanayopandishwa ngazi kwa mgongo wa kijana kama nilivyokuwa mimi.

Mwanga haukutoka kwenye balbu. Tulikuwa na fito mbili za kaboni, unene wa penseli. Unazigusanisha, unazitenganisha kidogo, na umeme unaruka katikati ukitoa mwanga mweupe usioweza kutazamwa kwa macho matupu. Fito zinaungua na kufupika, kwa hiyo opareta lazima aangalie pengo lake wakati wote. Pengo likipanuka, pazia linakuwa la manjano, kisha linafifia, na kule chini miluzi inaanza. Nguo zangu zilinuka moshi wa kaboni hata zikishafuliwa.

Rili inapokaribia kwisha, kwenye pembe ya juu upande wa kulia wa pazia hutokea kidoti kidogo, mtazamaji wa kawaida hakioni. Kidoti cha kwanza, unawasha mota ya projekta ya pili. Sekunde saba hivi baadaye kinatokea cha pili, na hapo unafunga dirisha la hii huku unafungua la ile. Ukipatia, hakuna mtu hata mmoja ukumbini anayejua kwamba picha imehama kutoka mashine moja hadi nyingine. Hiyo ndiyo iliyokuwa fahari ya opareta: kufanya kazi isiyoonekana.

Na ni hapo hapo, kwenye mwisho wa rili, nilipoanza kuisoma foleni yetu. Filamu ikitoka kiwandani ina vidoti viwili tu. Filamu iliyotufikia Nakuru ilikuwa na vidoti, misalaba, mikwaruzo ya msumari, duara zilizochorwa kwa kalamu ya nta. Kila opareta aliyeitumia kabla yangu, ambaye hakuviamini vidoti vya kiwandani, aliweka alama zake. Kwenye futi chache za mwisho ungeweza kuhesabu ni mikono mingapi imeshapita.

Kulikuwa na jambo zito kuliko alama. Filamu hukatika. Ikikatika, unakwangua ncha zote mbili, unapaka gundi, unaunganisha, na katika kuunganisha huko unapoteza picha kadhaa. Ikikatika mahali palipochanika vibaya, unapoteza nusu sekunde, sekunde nzima. Nakala ile ile moja imeshakatika mara ngapi Nairobi, mara ngapi Mombasa, kabla haijapakiwa kuja kwetu? Kwa hiyo mtazamaji wa Nakuru alilipa kiingilio kuona picha iliyo fupi kuliko ile aliyoiona mtazamaji wa Nairobi. Mtu anafungua mdomo kusema jambo na ghafla ameshakaa kwenye gari. Bunduki inainuliwa, na adui ameshalala chini. Mkasi wa wakaguzi nao ulikuwa umeshapita. Watu wetu walizoea, wakajaza mapengo yale kwa akili zao, na yule kijana wa viti vya mbele akawasaidia. Kisha makopo yakafungwa yakaendelea na safari ya magharibi, na mwenzangu wa Kisumu akapokea picha fupi zaidi kuliko yangu.

Hii haikuwa hila ya mtu. Nakala moja ya filamu ilikuwa ghali, na msambazaji aliyeleta chache nchini alizipeleka kwanza penye watu wengi na kiingilio kikubwa. Sisi tulipata filamu ikiwa imeshasemwa kila kona. Mwaka 1967 serikali iliunda Kenya Film Corporation ili biashara ya kuagiza na kusambaza picha isibaki mikononi mwa kampuni za kigeni, na nia hiyo ilikuwa njema. Ila foleni ilibaki ile ile. Mji mkuu kwanza.

Nitasema neno pia juu ya uhuru ndani ya ukumbi, maana nililiona kwa macho. Zamani watu walisimama kwa wimbo wa mfalme na malkia wa Uingereza. Baada ya 1963 walisimama kwa wimbo wetu wenyewe, ambao tuni yake imetoka kwenye wimbo wa akina mama Wapokomo wa kubembeleza watoto. Kutoka juu nilikuwa nikiona ukumbi mzima ukiinuka kwa pamoja, balkoni na viti vya mbele, kuli na mwenye duka, na kwa dakika ile hakuna aliyemtazama jirani yake kuona ni wa rangi gani. Mji uliojengwa kwa kuwatenga watu ulikuwa na sehemu chache za watu kuinuka pamoja namna hiyo. Kanisa, msikiti na hekalu kila kimoja kilikuwa na watu wake. Uwanja wa Afraha ndio mwingine ninaoufikiria.

Sasa video. Mfumo wa VHS ulitoka Japani mwaka 1976, na katika miaka ya 1980 deki zilikuwa zimeshaingia majumbani mwa wenye nacho. Televisheni ilikuwako Kenya tangu 1962 na haikutuua. Hata televisheni ya rangi ilipokuja mwaka 1978 tulijaza ukumbi. Tofauti ya video ni hii: kaseti haikusubiri zamu. Iliweza kunakiliwa sebuleni usiku mmoja, ikaja na basi asubuhi. Kibanda cha video kule Kaptembwo, chenye runinga moja na mabenchi manne, kilionyesha picha ambayo mimi ningeipata baada ya miezi, ikiwa imekatwakatwa. Kwa mara ya kwanza mtu wa mtaani aliona picha kabla ya opareta. Angewezaje kurudi kwangu, alipe zaidi, aone kitu kichakavu alichokwisha kukiona?

Wanaosema watu walipenda video kwa sababu ya urahisi wanawaonea watu wetu. Watu walitembea kwa miguu kutoka Langalanga kuja kutazama picha, wakarudi usiku. Hawakuwa wavivu. Walichoka kuwa wa mwisho.

Mengine yaliyofuata niyapite haraka, yanajulikana. Fito za kaboni, lenzi na vipuri vyote vilitoka ng'ambo, na mwaka 1993 shilingi ilipoporomoka mbele ya dola, kuwasha projekta kwa ukumbi wenye watu kumi na wawili ikawa hasara tupu. Mashine zikaanza kutengenezwa kwa vipuri vya mashine nyingine. Kumbi kote nchini zikageuka makanisa, maghala, maduka ya mitumba. Na mwaka 2014 kampuni ya Paramount ikaacha kusambaza filamu za milimita 35 huko Marekani, wengine wakaelekea njia hiyo hiyo. Hata kama projekta zetu zingekuwa bado zinazunguka, picha mpya ya kutia ndani ingekuwa adimu.

Najua baadhi yenu mnanung'unika kwamba kumbi za picha zimegeuzwa makanisa. Mimi nawashukuru wachungaji. Ukumbi uliopata kanisa umepigwa rangi, paa limezibwa, na sakafu yake yenye mteremko ipo vile vile, pamoja na tundu za kidirisha kule juu. Ukumbi uliopata ghala umevunjwa ukuta mmoja ili lori liingie.

Hili ndilo ombi langu. Nakuru imekuwa jiji tangu tarehe 1 Desemba 2021, na jiji linahitaji kujijua. Pale Hyrax Hill, Mary Leakey alianza kuchimba mwaka 1937, na vilivyotoka ardhini vikatunzwa na kuandikwa, jambo la kujivunia. Historia ya sinema haijaingia hata ardhini, ipo ndani ya masanduku ya chuma chini ya vitanda vyetu, na hatuna hata orodha ya majina. Nani alichora mabango yale ya mkono? Nani alishika tochi akiwaongoza watu gizani? Nani alikaa kwenye dirisha la tiketi akipambana na walanguzi Jumamosi ya picha mpya? Tunao wasomi wa chuo kikuu cha Egerton hapo Njoro, wangeweza kuwatuma wanafunzi wakae na hawa wazee na kinasa sauti kabla mwaka haujaisha.

Kuhusu majengo, sheria ipo. Sheria ya Makavazi na Turathi za Kitaifa ya mwaka 2006 inampa waziri uwezo wa kutangaza jengo kuwa la kulindwa. Mwenye jengo asiogope. Hatuombi anyang'anywe mali yake wala kanisa lihamishwe. Tunaomba ukumbi mmoja tu uandikwe, upimwe, upigwe picha ndani na nje, chumba cha projekta kikiwemo, kabla mtu hajaja na nyundo kubomoa aweke ghorofa. Viongozi wa kaunti mlioko hapa, hilo linahitaji barua na fundi wa kupima, halihitaji mamilioni.

Na nyinyi wengine, leteni mlicho nacho: kipande cha tiketi, bango, picha ya harusi iliyopigwa mbele ya sinema, kipande cha filamu ambacho mjomba wako alikuletea ukachezee. Vipeleke maktaba ya taifa hapa mjini tuombe vinakiliwe kisha urudishiwe chako. Msitupe filamu iliyojikunja na kunuka siki. Hiyo inaoza, na ikikaa mahali pa baridi na pakavu bado kuna kinachoweza kuokolewa. Walioko Kisumu, Eldoret na Kitale, ambao ndugu zenu walipokea makopo baada yetu, tunawahitaji sana, kwa sababu bila nyinyi tuna nusu ya njia tu.

Nimekuja na daftari langu la rili. Kila filamu iliyopita mikononi mwangu niliandika ilifika na futi ngapi na viungio vingapi. Liko mezani karibu na mlango. Kijana yeyote anayetaka kufundishwa kulisoma, nitakuwa pale mpaka watufungie.